Kuunganisha makala za Wikipedia bila kupoteza majina ya walioziandika

Nilipoanza kuhariri Wikipedia ya Kiswahili nilikuwa na ugonjwa wa usafi. Nikikuta makala mbili zinaeleza kitu kimoja, mikono inaniwasha. Na kwa Kiswahili pacha hawa hawaishi, maana istilahi zetu bado zinagombania kiti: mmoja anaandika "Tarakilishi", mwingine "Kompyuta", na hakuna anayejua kwamba mwenzake yupo.

Siku moja nikakutana na jozi ya namna hiyo upande wa biolojia. Tuziite "Usanisinuru" na "Fotosinthesisi". Majina yenyewe nayaweka kando kwa sababu mmoja wa waandishi bado yupo na bado ananitania. Ya kwanza ilikuwa na aya tatu fupi kuhusu klorofili. Ya pili ilikuwa na mlinganyo wa kemia na sehemu ndefu kuhusu mimea ya jangwani inayovuta hewa ya ukaa usiku, yenye marejeo ya kutosha. Nikanakili yote ya pili, nikabandika kwenye ya kwanza, nikapangapanga, nikaigeuza ya pili kuwa elekezo, yaani ukurasa mtupu unaompeleka msomaji moja kwa moja kwenye mwingine, na kwenye kisanduku cha muhtasari, pale mhariri anapoeleza alichobadilisha, nikaandika neno moja: "usafi". Kazi ya dakika ishirini. Nikaenda kulala nimeridhika.

Siku ya tatu nikakuta ujumbe wa mstari mmoja kwenye ukurasa wangu wa majadiliano: "Sehemu ya mimea ya jangwani umeiandika wewe?"

Sikuwa nimeiandika. Lakini aliyefungua historia ya "Usanisinuru" angeona jina langu, saa, na maelfu ya baiti yaliyoongezeka kwa mkupuo. Kwa yeyote anayesoma, mwandishi ni mimi. Yule aliyehangaika na marejeo hakuonekana popote kwenye ukurasa ule.

Maandishi yana wenyewe

Wengi hudhani maandishi ya Wikipedia hayana mwenyewe, ndiyo maana ni bure. Yana wenyewe. Kila anayechangia hubaki na hakimiliki ya sentensi zake. Anachofanya ni kuwaruhusu wengine wazitumie kwa masharti. Tangu Juni 2023 masharti hayo ni ya leseni ya Creative Commons BY-SA 4.0. Kabla ya hapo, kuanzia Juni 2009, lilikuwa toleo la 3.0 la leseni hiyohiyo, na nyuma zaidi, tangu Wikipedia ianzishwe mwaka 2001, ilikuwa GFDL, leseni iliyotungwa kwa ajili ya vitabu vya maelekezo ya programu huru. Herufi BY zinadai umtaje mwandishi na useme kama umebadilisha kitu. Herufi SA zinadai kazi utakayotengeneza kutokana na yake uigawe kwa masharti yaleyale.

Sasa, makala moja inaweza kuwa na waandishi mia mbili. Utawataja vipi? Jibu limo kwenye masharti ya matumizi ambayo kila mmoja wetu huyakubali anapobonyeza kitufe cha kuchapisha: tunakubali kutajwa kwa kiungo tu, kinachoelekea kwenye makala tuliyochangia. Kiungo kinatosha kwa sababu kwenye makala kuna kichupo cha Historia, na kwenye historia kuna kila jina na kila tarehe.

Hapo ndipo penye kisa chote. Mtu wa nje akichukua makala yako akaweka kiungo, ametimiza wajibu wake. Kiungo kinampeleka msomaji kwenye ukurasa, ukurasa unampeleka kwenye historia, historia inampa majina. Ukihamisha maandishi kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kwa kunakili na kubandika, maneno yanakwenda lakini historia inabaki ilikokuwa. Bila kuacha alama ya njia, umeukata mnyororo katikati, na huyo mtu wa nje hana namna ya kujua.

Kabla hujagusa kitu

Fungua historia za kurasa zote mbili na uzisome kweli. Unatafuta mambo mawili. La kwanza ni nani walioandika kwa uzito. Hao ndio utakaowajulisha. La pili, ambalo wengi huliruka, ni kama maandishi unayotaka kuyahamisha ni safi. Ukiona aya kumi zimeingia kwa badiliko moja, zina Kiswahili cha tovuti ya kampuni, chukua sentensi mojawapo, iweke kati ya alama za kunukuu, itafute kwenye intaneti. Kama imeibwa mahali, usiihamishe hata kidogo. Ukiihamisha utakuwa umeeneza wizi kwenye ukurasa wa pili, na mkabidhi (mhariri mwenye madaraka ya kufuta na kuficha kurasa) atakayekuja kusafisha atalazimika kuficha matoleo ya kurasa mbili badala ya mmoja.

Kisha pendekeza. Weka kigezo cha kuunganisha, yaani tangazo lililotengenezwa tayari, juu ya kurasa zote mbili, eleza sababu kwenye ukurasa wa majadiliano wa ile itakayobaki, ngoja wiki moja. Kama ni pacha wa dhahiri, yaani kitu kilekile kwa majina mawili, wala huhitaji kungoja. Fanya, atakayepinga atarudisha. Kama ni makala mbili zinazokaribiana tu, mathalani "Jani" na "Klorofili", jiulize mara mbili. Ufupi wa makala si kosa. Makala fupi inaweza kuwa inasubiri mtu wa kuikuza.

Ipi ibaki? Si lazima ile yenye maandishi mazuri, maandishi yanahamishika. Angalia jina ambalo wasomaji wengi watalitafuta, na bonyeza "Viungo viungavyo ukurasa huu" uone ni ipi ambayo kurasa nyingine zimeizoea. Hapa watu hugombana kuhusu istilahi hadi usiku wa manane. Mimi siku hizi sigombani, kwa kuwa jina linaloshindwa halipotei. Linabaki kama elekezo, na anayelitafuta atafika.

Kuhamisha kwenyewe

Ninafanya kwa mabadiliko mawili, kamwe si moja. Wako wanaonakili, kupanga, kusahihisha na kufupisha kwa mpigo, na wanaona mimi napoteza muda. Lakini ukibandika kwanza maandishi kama yalivyo, hata yakikaa vibaya, ukachapisha, ndipo ukaanza kupanga, historia itaonyesha wazi: badiliko hili lilileta maneno ya wengine, badiliko linalofuata ni mkono wangu. Miaka mitano baadaye mtu akitaka kujua sentensi fulani ilitoka wapi, atalinganisha matoleo mawili na kupata jibu kwa dakika moja. Ukichanganya vyote, hata wewe mwenyewe hutakumbuka.

Badiliko la kwanza ndilo lenye muhtasari wa maana. Wangu husomeka hivi:

Nimeingiza maandishi kutoka [[Fotosinthesisi]]. Waandishi wake wanaonekana kwenye historia ya ukurasa huo.

Mabano ya mraba si pambo. Ndiyo yanayofanya jina liwe kiungo kinachobonyezeka. "Nimeunganisha makala" peke yake haitoshi, maana haisemi ni makala ipi. "Tazama majadiliano" nayo haitoshi. Kisanduku kina nafasi ya herufi 500, kwa hiyo kisingizio cha ufinyu hakipo. Kumbuka pia kwamba muhtasari ukishachapishwa haubadilishiki. Usome kabla ya kubonyeza.

Kisha nenda kwenye ukurasa uliotoa maandishi. Futa yote yaliyomo, uweke mstari huu tu:

#REDIRECT [[Usanisinuru]]

Na muhtasari wake:

Maandishi yamehamia [[Usanisinuru]]. Historia ya ukurasa huu isifutwe, ndiyo yenye majina ya waandishi.

Maneno "isifutwe" yana kazi. Elekezo huonekana kama takataka kwa mtu mwenye ugonjwa niliokuwa nao mimi, na siku moja atakuja kupendekeza lifutwe kwa kuwa "halina maandishi". Ukurasa ukifutwa, historia yake huonekana kwa wakabidhi tu. Kwa msomaji wa kawaida, majina yamezama. Ndiyo maana uamuzi wa "unganisha halafu futa", ambao husikika wa busara kwenye mijadala ya ufutaji, haufai: unachukua maandishi ya watu na kuficha orodha ya watu hao kwa pigo moja.

Vipi kama jina la ukurasa ule halifai kabisa, tuseme ni tusi, au ni kosa la tahajia ambalo hakuna atakayelitafuta? Kuna njia. Hamisha ukurasa wote, pamoja na historia yake, uende kwenye jina lingine lisilo na madhara, kwa mfano ukurasa mdogo chini ya majadiliano ya makala iliyobaki. Jina baya likishakuwa tupu, linaweza kufutwa bila mtu kupotea. Ila muhtasari wako utaje mahali papya, la sivyo kiungo kitakuwa chekundu, yaani hakifiki popote.

Mwisho wa hatua hii, weka kumbukumbu kwenye kurasa zote mbili za majadiliano. Wikipedia kubwa zina vigezo maalumu vya kazi hiyo. Pale ambapo kigezo hakipo, sentensi moja ya kawaida yenye tarehe na viungo viwili inatosha. Najua inaonekana ni kurudia kilichomo kwenye muhtasari. Lakini historia ya makala yenye uhai hukua hadi mabadiliko elfu, na muhtasari mmoja ndani yake ni sindano kwenye nyasi, ilhali ukurasa wa majadiliano hufunguliwa na mtu anayetafuta maelezo.

Kusafisha nyuma yako

Mambo madogo hapa, niyapitie haraka. Maelekezo, yaani kurasa nyingine za elekezo, yaliyokuwa yakienda "Fotosinthesisi" sasa yanakwenda kwenye elekezo lingine, na MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, haifuati elekezo la pili. Msomaji anakwama katikati. Mara nyingi boti, yaani programu inayohariri yenyewe, huyarekebisha, lakini usiitegemee. Jamii za ukurasa wa zamani, yaani makundi ya mada ulimowekwa, zilinganishe na za mpya. Tanbihi nazo zina mtego: kama kila makala ilikuwa na rejeo lililoitwa name="kitabu1" lakini ni vitabu tofauti, ukiziweka pamoja utapata maandishi mekundu ya kosa chini ya ukurasa. Badilisha jina moja.

Wikidata, hifadhi ya data inayounganisha makala za kitu kimoja katika lugha zote, ina kisanga chake. Kila kipengee hubeba ukurasa mmoja tu kwa kila lugha. Kama makala zako mbili zilikuwa kwenye vipengee viwili, angalia kwanza kama vipengee hivyo ni kitu kimoja kweli. Pengine wenye lugha nyingine wana sababu ya kuvitenganisha. Kama ni kimoja, ondoa kiungo cha ule ukurasa uliogeuka elekezo, ndipo uviunganishe. Kule hakuna shughuli ya majina ya waandishi, kwani data ya Wikidata imetolewa kwa CC0, yaani walioiweka wameachilia haki zao.

Kuunganisha historia ni jambo jingine

Wageni huwa wananiuliza: kwa nini mkabidhi asichanganye tu historia mbili zikawa moja, tuachane na mihtasari? Kifaa kipo. Lakini kimekusudiwa kesi moja: mtu alitaka kubadilisha jina la makala, badala ya kutumia "Hamisha" akanakili maandishi yote akayabandika chini ya jina jipya. Hapo historia ya zamani inaishia siku ile, ya mpya inaanzia siku ileile, na kuziunga ni kama kushona kipande kilichochanika.

Makala pacha hazikukua hivyo. Zimekua sambamba, zote zikihaririwa mwaka uleule na wakati mwingine siku ileile. Ukizichanganya kwa kufuata tarehe, utapata kama shajara za watu wawili zilizopangwa ukurasa kwa ukurasa: Jumatatu ya huyu, Jumatatu ya yule, Jumanne ya huyu. Kila tofauti kati ya toleo moja na linalofuata itaonyesha makala nzima imefutwa na nyingine imeandikwa, na hakuna atakayeelewa nani alifanya nini. Kwa hiyo usiombe. Elekezo lenye historia yake na muhtasari wenye kiungo vinatosha.

Lini huhitaji kutaja, na lini huruhusiwi hata ukitaja

Ukweli hauna hakimiliki. Kama kutoka makala ya zamani ulichukua tu taarifa kwamba klorofili hufyonza mwanga mwekundu na wa bluu, ukaiandika kwa maneno yako na kuweka rejeo ulilolisoma mwenyewe, hudaiwi kitu. Maandishi ambayo wewe peke yako uliyaandika ni yako; yahamishe utakavyo, ingawa kusema "nimehamisha maandishi yangu kutoka kule" humwokoa atakayekuja kukagua. Na kama hukuchukua chochote, uligeuza tu ukurasa kuwa elekezo, sema hivyo: "hakuna maandishi yaliyochukuliwa". Mtu asitafute kisichokuwepo.

Kwa maandishi ya kutoka nje ya Wikipedia hesabu ni nyingine. Yaliyo huru kabisa, ya CC0, CC BY, na ya CC BY-SA 3.0 au 4.0 yanaingia, mradi utaje chanzo kwenye ukurasa wenyewe, si kwenye muhtasari peke yake, kwa sababu historia ya waandishi wale haiko kwetu na tovuti yao inaweza kutoweka kesho. Yenye NC, yaani yasitumike kibiashara, hayaingii. Yenye ND, yaani yasibadilishwe, hayaingii. Yaliyo chini ya GFDL peke yake hayaingii pia, jambo linalowashangaza wakongwe. Na barua pepe ya mwenye tovuti inayosema "ruksa, tumia kwenye Wikipedia" haikusaidii, maana leseni yetu inamruhusu mtu mwingine yeyote achukue makala aende nayo kokote, hata akauze, na mwenye tovuti hakuruhusu hayo.

Tafsiri nayo ni kuhamisha. Ukitafsiri kutoka Wikipedia ya lugha nyingine, muhtasari wa kwanza uwe na kiungo cha makala ile, pamoja na herufi za lugha yake mwanzoni: [[:fr:…]] kwa Kifaransa, na nukta mbili zile za mbele usizisahau. Chombo cha kutafsiri kilichomo ndani ya Wikipedia huandika muhtasari huo chenyewe. Anayetafsiri kwa mkono ndiye anayesahau.

Ukishakosea

Turudi kwenye "usafi" wangu. Kosa la namna hii halihitaji kufuta wala kurudisha nyuma makala yote. Leseni ya 4.0 yenyewe ina huruma kidogo: anayevunja masharti hupoteza ruhusa, lakini akirekebisha ndani ya siku 30 tangu agundue, ruhusa inamrudia bila kumpigia mtu magoti. Kwetu sisi marekebisho ni badiliko la geresha, ambalo lipo kwa ajili ya muhtasari tu.

Fungua makala, ongeza mstari mtupu kati ya aya mbili au rekebisha nukta iliyopotea. Lazima ubadilishe kitu. Ukibonyeza kuchapisha bila kugusa chochote, MediaWiki haiandiki lolote kwenye historia na utabaki unajiuliza muhtasari wako umekwenda wapi. Nafasi ya ziada mwisho kabisa wa ukurasa nayo haihesabiki, kwani hukatwa. Ndani ya muhtasari utaje badiliko lenye kosa, lilifanyika lini, na maandishi yalitoka wapi.

Nilifanya hivyo. Niliandika kwamba badiliko langu la tarehe 11 lilileta sehemu nzima ya mimea ya jangwani kutoka [[Fotosinthesisi]], na kwamba waandishi wake wako kwenye historia ya ukurasa huo. Nikaweka sentensi kama hiyo kwenye majadiliano, kisha nikamwandikia yule aliyeniuliza, nikamwomba radhi na kumwonyesha kiungo.

Alijibu usiku huohuo: "Nashukuru. Ila ilikuwa tarehe 12."

Nikafungua makala tena, nikatafuta nukta nyingine ya kurekebisha.